Macho ya dada yanacheza, na kimeo pia

Daktari alimwambia afungue mdomo.

Nikadhani hajatusikia vizuri. Tumetoka Umoja saa kumi na moja alfajiri, tumepanga foleni kliniki ikiwa bado imefungwa, nimeshaeleza kwa sista na kwa yule kijana wa kuandika faili kwamba shida ni macho, macho jamani, na sasa huyu mzee wa miwani ameinama na kitochi kidogo anamwambia dada yangu sema aaa. Dada akasema aaa. Daktari akanyamaza. Akaangalia saa yake ya mkono, nikaona midomo yake inahesabu bila sauti, alafu akaniambia, "Kuja uone."

Nikainama, bahasha ya skani bado nimeikumbatia.

Kimeo kilikuwa kinacheza.

Kinapanda, kinashuka, kinapanda, kinashuka, na ile nyama laini ya kaakaa inavutwa nacho kama pazia la mlangoni upepo ukipita. Na dada hamezi, haongei, amekaa tu mdomo wazi anangoja tumalize.

"Sasa angalia macho yake," daktari akasema.

Juu, chini, juu, chini. Kama mara mbili kwa sekunde. Mpigo ni ule ule wa kimeo, ungedhani kuna mtu mmoja nyuma anavuta kamba mbili.

"Wewe unasikia kitu chochote hapo kooni?" akamuuliza.

"Hapana," dada akasema. "Kwani kuna nini?"

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita na bado nikifunga macho naona hicho kimeo. Nimejaribu kuandika juu ya mambo mengine hapa, hata ile ya bei ya unga nilikuwa nimefika nusu, imekataa. Basi wacha niandike hii kwanza.

La kulia ama la kushoto?

Mambo ya kabla siyarudii, wengi wenu mmeyapitia na watu wenu: maumivu ya kichwa ya asubuhi, kutapika, dawa za malaria, dawa za typhoid, dawa za vidonda vya tumbo, alafu mtu mmoja mwenye akili anasema hebu mpigwe skani ya kichwa. Uvimbe kisogoni, ndani ya ule ubongo mdogo wa nyuma wanaouita serebela, upande wa kushoto, umeshaanza kuziba njia ya maji ya ubongo. Harambee ya WhatsApp. Februari akafunguliwa kichwa.

Alivyoamka alikuwa anaona mbilimbili. Jicho la kushoto lilikuwa limeingia ndani kuelekea puani, makengeza ya ghafla, na hiyo walikuwa wametuambia tusishtuke, kuna neva moja ndefu inavuta jicho kwenda nje na huwa inachoka kichwa kikikaa na presha muda mrefu. Wakasema itarudi. Ikarudi. Kufika Aprili jicho limenyooka, skani ni safi, uvimbe haukuwa wa saratani, tukapika pilau, shangazi akatoka Majengo na udi wake akafukiza nyumba nzima. Kwa akili yangu hiyo stori ilikuwa imeisha hapo.

Juni akanipigia simu.

"Macho yananicheza."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nikamuuliza, "La kulia ama la kushoto?" Ju si kila mtu kwetu anajua jicho likicheza lina maana yake, kuna mgeni, ama utalia, ama unasengenywa, na kila nyanya ana mpangilio wake wa lipi ni la heri na lipi ni la shari. Nikamwambia basi kuna mgeni anakuja. Yeye hakucheka. Akasema, "Yote mawili. Na hayaachi."

Ndio nikajua tatizo letu la kwanza lilikuwa hata neno. Kope ikitetemeka tunasema jicho linacheza. Jicho lenyewe likiruka ndani ya tundu lake, mboni inaenda na kurudi, bado tunasema jicho linacheza. Kwa hivyo kwa wiki karibu tatu kila mtu aliyesikia alimpa dawa ya kope: lala vizuri, punguza chai, kula ndizi. Daktari wa macho mtaani akampimia miwani, akainunua, na miwani ikafanya dunia inayoruka iruke ikionekana vizuri zaidi. Hayo ni maneno yake yeye, si yangu.

Na watu wakaanza kumsoma vibaya. Dada anashona sare za shule pale Uhuru Market, ni mtu wa kuangaliana na wateja siku nzima, na sasa akikutazama macho hayatulii usoni kwako. Mteja mmoja akamuuliza mbona unanipandishia macho. Makanga wa Jogoo Road akamshusha kwa mkono akimwambia mama pole pole, leo umeanza mapema, na siku hiyo dada alitoka steji akakaa chini kwenye ukingo wa barabara kama dakika ishirini. Mtu ambaye hajawahi kuonja hata pombe ya kikohozi.

Akaanza kuangalia chini akiongea. Na mimi nikawa nachukia venye anaongea na mimi akiangalia viatu vyangu.

Alama nyeupe, upande wa kulia

Skani ya pili tulifanya Julai mwisho. Na hapa nataka niwaombe kitu, msisome ripoti ya skani kwa korido. Najua mtasoma tu, hata mimi nilisoma.

Imeandikwa kwa lugha yao lakini maneno mawili niliyashika: kuna alama mpya, inang'aa, na kuna uvimbe kidogo. Kwenye shina la ubongo.

Upande wa kulia.

Nikasoma tena. Kulia. Dada alifunguliwa kushoto, kovu liko kushoto nyuma ya sikio, nimelipaka mafuta mwenyewe. Sasa kulia kumetoka wapi? Nikiwa bado nimesimama hapo karibu na mashine ya maji nikafika mahali ambapo Mkenya yeyote angefika, nikakumbuka ile habari ya 2018, hapa hapa Nairobi, mgonjwa aliyefunguliwa kichwa kumbe si yeye aliyekuwa afunguliwe. Nikawaza walikosea upande. Alafu nikawaza hapana, skani ya Aprili ilionyesha uvimbe umetoka. Basi umerudi. Umevuka umeenda upande wa pili.

Siku nne. Kutoka siku ya ripoti hadi siku ya kliniki zilikuwa siku nne, na sikumwambia dada chochote, nilimwambia tu ripoti ni ya daktari. Nikamwambia binamu yetu anayefanya kazi kwa ofisi ya wakili. Nikamwambia shangazi pia, kosa kubwa, ju shangazi akaleta kesi ya jicho baya la jirani mmoja hapo Uhuru Market ambaye eti alisifia sana mashine mpya ya dada bila kusema mashallah. Usiku nasoma intaneti hadi saa nane. Ukitafuta macho yanaruka baada ya kupasuliwa ubongo unapewa vitu mia, na kila kimoja kina mtu amekufa.

Kwa hivyo yule daktari akiniambia kuja uone, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Kimeo sikuwa nimejiandaa nacho.

Pembetatu

Alinichorea kwa nyuma ya bahasha. Nimeipiga picha lakini mwandiko wake ni wake, wacha nieleze nilivyoelewa, na madaktari mnaosoma hapa mnisahihishe kwa upole.

Ndani ya serebela kuna kiini ambacho ni kama ofisi ya kutoa amri. Nyaya zake zinatoka upande wa kushoto, zinapanda, alafu zinavuka kwenda kulia ndani ya shina la ubongo. Zinapita karibu na kiini kingine kinachoitwa kiini chekundu. Kutoka hapo njia inashuka, ikiwa bado ni upande wa kulia, hadi kwenye kitu kidogo kilichochomoza pembeni ya shina, na hicho kitu kwa lugha yao kinaitwa oliva, yaani zaituni, ju kina umbo la tunda la zaituni kabisa. Na zaituni nayo inarudisha habari kule serebela kushoto ilikotoka. Ukiunganisha hizo nukta tatu unapata pembetatu. Wafaransa wawili, Georges Guillain na Pierre Mollaret, ndio walioieleza mwaka 1931, na hadi leo inaitwa kwa majina yao.

Uvimbe wa dada ulikuwa umekalia kile kiini cha kushoto. Kuutoa bila kugusa hapo, daktari akasema, ni kama kutoa gundi kwa karatasi bila kuchukua hata unyuzi wa karatasi.

Kwa hivyo zaituni iliyoathirika ni ya kulia. Lazima iwe ya kulia. Ingekuwa ya kushoto ndio angeshtuka.

Nilikaa chini.

Sijui niseme nilifurahi. Siku nne nimebeba neno kulia kama ushahidi wa kosa, kumbe ndio ushahidi kwamba kila kitu kilienda vile ubongo umepangwa. Na si kwamba hakuna kilichoharibika. Kimeharibika. Ila njia ya kuharibika kwake ilikuwa inajulikana kabla sijazaliwa.

Lakini mbona ichelewe? Februari hadi Juni? Hiyo ndio sehemu ambayo naona ni ya ajabu kuliko zote. Sehemu nyingi za ubongo zikikatiwa habari zinasinyaa, kama mmea umenyimwa maji. Zaituni ni kaidi. Yenyewe inafura. Polepole, wiki kadhaa, miezi, seli zake zinanenepa, na kwa picha ya MRI inaanza kung'aa, na mtu asiyejua anaona uvimbe umerudi. Seli za zaituni zimeshikana moja kwa nyingine, umeme unapita kati yao bila hata kupiga hodi, na kazi mojawapo ya zile nyaya za kutoka serebela ni kuzituliza zisiingie kwa mpigo mmoja.

Mliosoma shule zetu za msingi mtanielewa haraka. Darasa la watoto sitini, mwalimu ametoka. Mtoto mmoja anaanza kugonga dawati, ta, ta, ta. Wa pili anaingia. Dakika moja baadaye darasa lote ni mpigo mmoja na hata huwezi jua nani alianza. Zaituni ya dada mwalimu wake alitoka Februari. Juni darasa likaingia mpigo. Mpigo unafika serebela, serebela inauongeza sauti, unashuka hadi kwenye misuli ya macho na ya kaakaa. Daktari akasema kaakaa litaendelea kucheza hata akiwa amelala usingizi.

Usiku huo nilipita sebuleni kwake nikamkuta amelala kwa kochi mdomo wazi. Nikasimama hapo na simu mkononi. Sikuwasha tochi, nikaona ni kama kumpekua mtu mfuko.

Shangazi alipopata habari ya kimeo, na alipata, mimi si ndiye nilimwambia, aliniletea suluhisho kwa sauti ya WhatsApp ya dakika nne. Kikatwe. Kwao wakati wao watoto wangapi walikatwa vimeo na wakapona kikohozi. Nilimweleza kuhusu zaituni. Akasema sawa, zaituni ni mti wa baraka, lakini kimeo ni kimeo.

Karatasi

Sasa kile ambacho kimenisumbua kweli si hiyo sayansi.

Tulipotoka kliniki tulipita pahali pa chai. Nikaanza kumweleza dada ile pembetatu, nimechangamka, nachora kwa meza na maji ya chai, na yeye ananiangalia viatu. Nikamwambia, dada, niangalie basi nikuelezee. Akainua uso. Akasema, "Wewe umeshaniuliza mimi naona nini?"

Nikanyamaza. Ju sikuwa nimemuuliza. Tangu Juni. Nimerekodi macho yake kwa simu video kumi na moja, nimeonyesha watu hizo video, nimejua ni mara mbili kwa sekunde, nimejua ni juu na chini na kwamba la kushoto linaruka kuliko la kulia. Lakini hayo yote ni vile macho yake yanaonekana. Kutokea ndani yake sikujua chochote.

Akachukua ile menyu ya plastiki, akaishika mbele ya uso wangu, akaanza kuichezesha. Juu, chini, juu, chini. "Soma bei ya mandazi."

Nikajaribu. Ilikuwa michirizi tu.

"Hauwezi. Sasa ni hivyo kila kitu. Ukuta, uzi, wewe. Haiachi. Nikifunga macho ndio dunia inasimama."

Nimejaribu baadaye nyumbani na hata nyinyi mnaweza kujaribu sai. Shika simu na usome hii sentensi huku unatikisa kichwa. Unasoma, sivyo? Sasa tuliza kichwa utikise simu kwa kasi ile ile. Umepotea. Ni kwa sababu sikio la ndani linajua kichwa kimeenda wapi na linaambia macho yageuke upande wa pili kwa muda mfupi mno, kama sehemu moja ya mia ya sekunde, na picha inabaki imetulia. Sisi wote tunatembea mjini vichwa vinarukaruka na hatujui, tunadhani dunia ndiyo imetulia yenyewe. Kwa dada macho yanasukumwa na amri ambayo hakuna aliyeitoa, kichwa hakijaenda popote, kwa hivyo hakuna wa kuisahihisha.

Mwaka 1952 kuna daktari wa Marekani aliandika kisa chake mwenyewe kwenye New England Journal of Medicine, jarida la madaktari, akitumia herufi tu, J.C. Sindano za streptomycin, ile dawa ya kifua kikuu, zilikuwa zimemuulia viungo vya kushika usawa wa mwili ndani ya masikio. Shida yake ilikuwa tofauti na ya dada lakini naye dunia ilimruka. Mwanzoni, ili asome, alikuwa anabana kichwa chake katikati ya vyuma vya kitanda, ju mapigo ya moyo peke yake yalitosha kufanya herufi zirukeruke. Niliposoma hiyo nikajua mbona dada siku hizi akisoma kitu anaegemeza paji la uso kwa mkono. Nilidhani ni uchovu. Kwake haisaidii sana, anasema, ila mkono unampa kitu cha kushika.

Anaziba jicho la kushoto pia. Alishona kitambaa chake mwenyewe, cheusi, kina lasitiki, kimekaa vizuri kuliko vile vya kununua. Kuziba lile baya kunapunguza vurugu, linabaki ruko moja badala ya mawili yasiyolingana. Sikuwa nimejua hicho kitambaa kinafanya nini. Nilidhani anaficha.

Na kazi? Uzi kwa sindano anatiliwa na msichana anayemfundisha. Mshono ulionyooka anaufuata kwa kidole, kucha ya gumba inatembea kwa ukingo wa kitambaa mbele ya mguu wa mashine. Anasema hata zamani alikuwa anafanya nusu hivyo, macho yalikuwa yanajisifu tu.

Dawa ya wazee

Hakuna dawa ya kurudisha mwalimu darasani. Zipo za kuwapunguzia watoto kelele. Mbili zimejaribiwa kwa watu wa aina hii ya macho na zimesaidia baadhi yao: gabapentin, ambayo wengi mnaijua kwa kifafa na maumivu ya neva, na memantine, ambayo hupewa wazee wanaopoteza kumbukumbu. Msikimbie kuzinunua, zote zinataka daktari wa kupanga kipimo.

Alianza na gabapentin. Ikamlaza. Mtu anakaa na mashine ya umeme anasinzia, siku ya tano sindano ikapita kando ya kidole chake kidogo tu, akairudisha kwa daktari mwenyewe bila kuniambia. Akabadilishiwa. Kwa duka la dawa yule kijana akaangalia cheti akaangalia dada akasema, "Mama, hii si ni ya wazee wa kusahau?" Dada akamjibu, "Nimesahau nilikuja kufanya nini." Kijana hakujua acheke ama asicheke.

Wiki ya tatu ya memantine nikarekodi video ya kumi na mbili. Niliomba ruhusa safari hii. Mpigo ni ule ule, nilihesabu. Lakini ruko limefupika. Ilikuwa mboni inatembea umbali unaouona kutoka upande wa pili wa meza, sasa lazima usogee. Anasoma ujumbe wa M-Pesa mwenyewe, herufi akiziongeza ziwe kubwa kama za gazeti la mbele. Kitabu bado. Ngazi za kushuka bado, anashika ukuta. Daktari akasema hiyo ni nzuri, na huenda ndio hapo itafika. Dada akauliza kama inaweza kuisha kabisa. Akasema kwa wengi haiishi. Nilipenda venye hakuzunguka.

Ila nina neno moja na ile hospitali ya kwanza, siitaji. Karatasi ya kumruhusu kwenda nyumbani ilikuwa na kurasa tatu. Usafi wa kidonda, lishe, tarehe ya kutoa nyuzi. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa kusema kwamba baada ya miezi kitu kipya kinaweza kuanza, na kikianza haina maana uvimbe umerudi. Mstari mmoja tu. Ungetuokoa wiki tatu za ndizi na siku nne za korido.

Fomu

Mimi ndiye niliyesaini.

Ilikuwa saa mbili usiku, dada anatapika, hawezi kushika kalamu, daktari kijana wa zamu ananisomea: anaweza kupata damu, maambukizi, shida ya kutembea, ya kumeza, ya macho, ya fahamu. Nilisikia anaweza, anaweza, anaweza, kama mtu anasoma masharti ya mkopo wa simu. Nikasaini kurasa mbili. Sikuuliza macho ya namna gani. Sikuuliza kwa muda gani. Na tangu ile siku ya menyu nimekuwa nikiamka usiku najiuliza, kama angeniambia, dada yako ataona dunia inaruka hadi azeeke, ningefanyaje? Najua jibu, ningesaini. Sasa mbona nalala vibaya?

Jumamosi iliyopita nilienda dukani kwake nikamwambia. Nilikuwa nimejipanga kabisa. Alikuwa na pini mdomoni, anakunja pindo la rinda la bluu, kitambaa kimeziba jicho.

"Dada, nataka kukuomba msamaha. Ile fomu."

Akatoa pini moja moja akazichoma kwa kifuko cha mkononi. "Fomu gani?"

"Ya operesheni. Nilisaini bila kuuliza."

"Aaa, hiyo." Akageuza rinda. "Wewe ulisaini karatasi, ndugu yangu. Mimi nilikuwa nishaongea na yule kijana mchana, wewe ukiwa umeenda kutafuta pesa ya damu."

Sikujua hilo.

"Nilimuuliza nikikataa? Akaniambia maji yatajaa kichwani, utalala na huamki. Nikamuuliza nikikubali? Akanihesabia yote hayo. Nikamuuliza mikono. Akasema wa kushoto unaweza kuwa mzito kidogo. Nikamwambia sawa, wa kulia ndio wa mkasi."

"Na macho?"

"Aliniambia macho yanaweza kusumbua. Nikaona macho ni macho, nimeshona gizani stima ikipotea mara ngapi." Akanyamaza kidogo. "Hii ya kuruka sikuijua. Hiyo nisikudanganye. Ningeijua ningeogopa zaidi. Lakini ningeingia."

"Mbona hukuniambia mliongea?"

"Ungelia. Alafu nianze kukubembeleza wewe, na mimi ndio nina uvimbe."

Msichana wake akacheka akainamia mashine. Mimi nikabaki nimeshika kile kiti cha plastiki kwa mgongo, nimekuja na msamaha wangu wa wiki nzima na hauna pa kuwekwa. Nilikuwa nimekaa na macho yake kama deni langu, nikiyahesabu kwa video, kumbe mwenyewe alishapiga hesabu zake Februari, kitandani, ndoo ya matapishi ikiwa kando.

Akanisukumia kadi ya kliniki kwa meza. Mwandiko wa kalamu, mdogo, hauwezi kuongezwa ukubwa.

"Nisomee. Wameandika tarehe ngapi?"

"Tano Januari."

"Wiki ya kufungua shule?" Akarudisha pini mdomoni, akaongea nazo. "Piga simu wasogeze mbele. Nina marinda mia na ishirini."